Taa Nyekundu ya Boila

Mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza mwezi wa Januari, na kwa siku kumi na nne zilizofuata mimi nilikuwa na ugomvi na boila.

Sisemi ugomvi kwa kupamba maneno. Nilikuwa naisemesha. Naingia jikoni asubuhi, nafungua kabati lake, natazama lile sanduku jeupe lililotulia ukutani kama mtu aliyeshiba, nasema, "Leo nini tena?" Kisha nafungua bomba la maji ya moto, naweka vidole chini yake, nasubiri. Yanakuja baridi. Yanaendelea baridi. Nafunga bomba, nawasha birika la umeme, najaza sufuria kubwa na kuibandika jikoni, naanza siku yangu nimekwisha kasirika.

Wengine watasema maji ni maji, ukiyachemsha kwa birika si yaleyale? Inabidi nieleze.

Kwetu Tanga, mwanamke akiwa na mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua. Kwao ni kwa mama yake. Hapo atakaa siku arobaini, na kila siku atakandwa kwa maji ya moto: taulo inachovywa, inakamuliwa, inabanwa tumboni, kiunoni, mgongoni, mpaka mwili uliolegea uanze kurudi mahali pake, kisha anafungwa mkaja tumboni na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mdogo wangu mwenyewe alipozaliwa nilikuwa na miaka kumi. Bibi ndiye aliyemkanda mama, na mimi ndiye niliyechochea kuni na kubeba ndoo. Niliangalia kila kitu. Najua taulo ibanwe wapi na kwa nguvu gani, na najua maji yanatakiwa yawe mengi, ya moto, na yasikatike katikati.

Baba alitangulia, mama akafuata nikiwa kidato cha pili. Sikurudi shule baada ya msiba. Mdogo wangu alikuwa na miaka sita, na kuna wa kiume aliyekuwa hajaanza kutembea sawasawa, ambaye leo ni mtu mzima yuko Mwanza na anatunza familia yake. Miaka mingi baadaye, kwa njia ndefu ambayo si ya kusimulia hapa, mimi na mdogo wangu tukafika London. Yeye akasoma. Mimi nikapata kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, na kazi hiyo ninayo mpaka sasa. Akaolewa na kijana wa watu wa Unguja, mtu mwema, anayefanya kazi ghalani zamu za usiku. Alipopata mimba hakuuliza aende wapi. Alisema tu, "Dada, tutafute nyumba kubwa kidogo," tukahama wote watatu kutoka kwenye fleti, tukapanga nyumba Kingsbury.

Kwa hiyo kwao ni kwangu. Hilo halikuwahi kusemwa, na halikuhitaji kusemwa, mpaka maji ya moto yalipokataa.

Kule kwenye fleti maji ya moto yalitoka kwenye mtambo wa jengo zima. Hatukujua yanakotoka wala hatukuuliza. Nyumba hii ni ya zamani. Boila iko jikoni, tangi la maji liko ndani ya kabati ghorofani, na kati yao kuna mabomba, na ukutani kuna saa. Hiyo saa ni duara la plastiki lenye namba mpaka ishirini na nne na vijipini pembeni; vijipini ndivyo vinavyoiambia boila ipashe maji saa ngapi na iache saa ngapi. Siku ya kwanza mtu wa wakala wa nyumba alituonyesha. Maji yanapashwa alfajiri, na tena jioni. Hamhitaji kugusa kitu, alisema. Pembeni ya boila kuna swichi yenye taa nyekundu. Hakuna aliyeniambia lolote kuhusu hiyo, na mimi sikuuliza kwa sababu swichi yenye taa nyekundu nilikuwa naijua tangu utotoni.

Matatizo yalianza wiki ileile tuliyohamia, mwezi mmoja kabla ya mtoto. Asubuhi hii maji ya moto yapo, kesho hayapo. Jioni moja yanatoka yanafuka moshi, jioni ya pili hata uvuguvugu hakuna. Redieta nazo, vile vyuma vya ukutani ambavyo boila hiyohiyo huvipasha ili nyumba iwe na joto, zikawa na akili zao: tunaamka nyumba barafu, halafu usiku wa manane, shemeji yangu akiwa zamu, zinachemka kama tanuri.

Nikampigia wakala. Binti aliyepokea alikuwa na sauti nzuri sana, na kila nilichosema alikirudia kwa sauti hiyohiyo nzuri, kisha akanipa siku. Fundi atakuja kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Nikaomba ruhusa kazini. Nikafagia jikoni, nikatoa mabakuli yote kabatini ili asihangaike, nikawasha swichi mapema boila ianze kunguruma, nikaweka chai. Mgeni anakuja kukufanyia kazi, humwachii mazingira mabaya.

Akafika saa sita na nusu. Kijana mrefu, mpole, hataki chai. Akaitazama ile saa ukutani, akasema haiko sahihi, imebaki nyuma. Akaizungusha mpaka wakati wa kweli, akabonyeza kitu, akapanda ghorofani kushika bomba la tangi. Baada ya dakika ishirini maji yalikuwa ya moto. Akasema hakuna hitilafu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama bibi aliyeita polisi kwa sababu ya paka.

Siku ya tatu, baridi.

Nikapiga simu tena. Binti mwenye sauti nzuri akauliza kama nimejaribu kuangalia saa. Nikaiangalia. Ilikuwa imebaki nyuma tena. Nikairekebisha kwa mkono wangu. Siku mbili baadaye ikawa nyuma tena, na safari hii si kwa saa mbili tatu; ilikuwa inasema bado usiku wakati mimi nimesimama mbele yake nimeshakula chakula cha mchana.

Fundi wa pili alikuja wiki ambayo mtoto alizaliwa. Huyu alikuwa mtu mzima, mnene, anahema kwenye ngazi. Nilikuwa nimemwandalia kila kitu kama yule wa kwanza: nimefagia, nimewasha, nimepika mandazi. Mandazi alikula. Akabadilisha valvu inayopeleka maji ya moto kwenye tangi, akasema hiyo ilikuwa inakwama. Kuhusu saa akasema imechoka, iagizwe nyingine, lakini aina hiyo haitengenezwi tena kwa wingi, tusubiri. Tusubiri mpaka lini? Akainua mabega. Kwenye kifaa chake akaandika, akaniomba niweke sahihi kwa kidole, nikaweka.

Siku mbili za moto. Ya tatu, baridi.

Nadhani mtu aliyewahi kuhangaika na kitu ambacho kinaharibika tu akiondoka fundi ataelewa hali niliyokuwa nayo. Kikiharibika moja kwa moja unajua. Hiki kilikuwa kinanidhihaki. Na siku zenyewe zilikuwa zinahesabika, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukanda.

Nilichukua likizo yangu yote ya mwaka kwa ajili ya zile siku. Kila asubuhi, maji yawepo yasiwepo, nilimkanda. Yakiwepo, najaza ndoo mbili bafuni, tunamaliza taratibu, mtoto amelala, mdogo wangu anasinzia taulo ikiwa bado mgongoni. Yasipokuwepo, nachemsha jikoni na kupandisha ngazini sufuria moja baada ya nyingine. Ya kwanza inapoa wakati naleta ya pili. Mdogo wangu anakaa kwenye kigoda, amejifunga kanga, anatetemeka.

"Dada, inatosha leo," anasema.

"Haitoshi. Bado kiuno."

"Kiuno changu kimekubali yaishe."

"Nyamaza wewe, umezaa jana."

"Nimezaa wiki iliyopita."

"Kwa kiuno ni jana."

Tukishamaliza, maji yakishatumika, nashuka chini, napitia jikoni, naendelea na kazi nyingine. Hivyo ndivyo kila siku.

Mama mkwe wake alikuwa anakuja mara kwa mara kutoka Hayes anakoishi. Ni mwanamke wa makamo, mnyoofu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Hakuwa mbaya kwangu hata siku moja. Lakini alikuwa na desturi ya kuingia bafuni kwanza kabla ya kumwona mjukuu, kufungua bomba, kusubiri, kulifunga, kisha kuja sebuleni na kusema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo afadhali angenitukana.

"Fundi amesemaje?" ananiuliza.

"Saa imeagizwa, mama."

"Juzi ilikuwa valvu."

"Valvu imeshabadilishwa. Sasa ni saa."

"Na ikija saa, itakuwa nini?"

Alhamisi ya siku ya kumi na mbili alikuwepo, amekaa na mtoto kitandani, mlango wazi. Maji ya bomba yalikuwa baridi. Nilikuwa napandisha sufuria ya tatu. Ngazi za nyumba hii ni nyembamba na zina zulia lililolegea kwenye kona. Nililijua lile zulia, nililiruka kila siku. Siku hiyo sikuliruka. Sikuanguka, nilijishika ukutani, lakini maji yalimwagika na mengine yakanipata mguuni, kwenye kifundo. Nikapiga kelele. Mtoto akaanza kulia.

Mama mkwe alitoka, akatazama ngazi inayochuruzika, akatazama mguu wangu. Akanipeleka bafuni mwenyewe, akanitia mguu chini ya bomba. Maji baridi, hayo hatukuyakosa. Akanishika bega muda mrefu. Halafu akasema, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, nyumba ya kupandisha maji yanayochemka ngazini si nyumba ya kumweka mzazi. Leo ni wewe. Kesho utakuwa umembeba mtoto. Jumapili nitakuja na gari niwachukue, akamalizie arobaini yake kwangu."

"Kwao ni hapa," nikasema.

"Najua."

"Mimba ya kwanza, mama."

"Najua, mwanangu. Lakini maji ya moto yako kwangu."

Mdogo wangu alikuwa anasikia. Hakukataa, na sikumlaumu. Alikuwa amechoka, maziwa yanamuuma, na huko Hayes kuna bafu lenye maji ya moto saa zote. Angesema hapana ingekuwa kwa ajili yangu tu, na mimi sikutaka akatae kwa ajili yangu. Nilitaka maji.

Kwa mtu mwenye mama yake hai, jambo hili lingekuwa dogo. Binti anakaa kwa mkwe wiki nne, anarudi. Lakini wanawake wote tunaofahamiana nao wangepita Hayes kumwona mtoto, na kila mmoja angeuliza mbona mzazi yuko ukweni, na jibu lingekuwa fupi: hana kwao. Nimefanya kazi tangu nina miaka kumi na sita ili neno hilo lisisemwe juu yake. Na sasa lingesemwa kwa sababu ya sanduku jeupe na saa ya plastiki.

Ijumaa nilikaa na simu. Binti mwenye sauti nzuri alikuwa likizo. Aliyekuwepo aliniuliza jina la mtaa mara tatu. Nikamwambia kuna mtoto mchanga. Akasema ameandika kwamba kuna mtoto mchanga. Nikamwambia nimeungua. Akasema ameandika kwamba nimeungua. Nikasema basi niletee fundi kesho. Akasema kesho ni Jumamosi, hiyo ni ya dharura tu, na kwa kuwa redieta zinafanya kazi, haihesabiki dharura. Nilimuuliza kama anajua redieta zinafanya kazi saa ngapi. Akaniuliza saa ngapi. Nikakata simu kwa sababu ningesema maneno ambayo mtoto mchanga hapaswi kuyasikia wiki yake ya pili duniani.

Jumamosi, nilipokwisha kumkanda mdogo wangu na kupanga jikoni, nikatoka nikichechemea kwenda barabara ya Kingsbury. Nilitaka kununua ndoo mbili zenye vifuniko vinavyobana. Nilikuwa nimeamua: Jumapili nitamwonyesha mama mkwe kwamba maji yanaweza kupandishwa bila kumwagika. Ilikuwa hoja dhaifu, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Kuna duka la vifaa pale, la familia ya Kigujarati, linalouza kila kitu kuanzia misumari hadi masufuria ya pilau. Kijana anauza, na baba yake mzee hukaa kwenye kiti karibu na hita ya umeme, amevaa kofia ya sufu na koti. Nilikuwa naongea na mdogo wangu kwenye simu, namwambia asije akaoga maji baridi kwa ukaidi, nitarudi nimchemshie. Nilipokata, mzee akaniangalia.

"Wewe mama," akasema, "nagombana na nani? Bwana?"

Nilishtuka kusikia Kiswahili, ingawa kwa Wahindi wa Kingsbury hilo si jambo la kushangaza. Nikamwamkia. Akaniambia amezaliwa Jinja, amefanya kazi ya umeme Kisumu miaka mingi, na London amezeeka.

"Sina bwana, mzee. Nagombana na boila."

"Ah! Boila kali kuliko bwana. Iko shida gani?"

Nikamweleza yote, nimesimama na ndoo mkononi, na nadhani nilieleza kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa dukani. Maji yanahama. Leo alfajiri, kesho usiku. Saa inabaki nyuma. Mafundi wawili. Valvu mpya. Wote wakija inafanya kazi, wakiondoka inaharibika.

Mzee alikuwa anatikisa kichwa. Hakuuliza habari ya valvu.

"Saa nabaki nyuma kiasi gani? Kila siku sawasawa?"

Nikafikiri. "Masaa kama saba kwa siku. Kidogo zaidi, kidogo pungufu."

"Pembeni ya boila iko swichi? Na taa nyekundu?"

"Ipo."

"Nani nazima?"

Niliona ni swali la ajabu. "Mimi."

"Saa ngapi?"

"Tukishaoga asubuhi. Nawasha tena jioni kabla ya kuoga."

Mzee aliegemea kiti chake, akafumba macho, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani anakohoa. Alikuwa anacheka. Akamwita mwanawe kwa Kigujarati, akamwambia maneno, mwanawe naye akacheka, kisha akaona sura yangu akaacha.

"Usikasirike, mama," mzee akasema akifuta macho. "Sikiliza. Bibi yangu pia, mama ya huyu kijana. Sisi nafika hapa, baridi sana, yeye kila siku naoga, kila siku nazima swichi, kama nyumbani. Miezi mitatu mimi naoga maji ya jela. Mimi fundi umeme! Naita Mzungu fundi. Yeye nakuja, nasema iko sawa. Bibi nawasha mbele yake, ili aone boila nzuri."

Nilihisi uso wangu unapata moto.

"Ile saa nakula umeme ya swichi hiyohiyo," akaendelea, taratibu sasa, kwa sababu aliona nimeanza kuelewa. "Wewe nazima, saa nalala. Masaa saba nalala. Wewe nawasha, saa naamka, nafikiri bado iko asubuhi. Inapasha maji saa yake, si saa yako. Hakuna kitu nimeharibika. Wazungu hapana zima hiyo swichi miaka ishirini. Kwa hivyo fundi hapana uliza."

Niliziweka zile ndoo chini.

Hapa nieleze kuhusu taa nyekundu. Mama yetu alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni pale Tanga. Vyumba vilikuwa na hita za maji, na nje ya kila bafu swichi yenye taa nyekundu. Mgeni akishaoga, kazi ya kwanza ilikuwa kuzima, kwa maana mwenye nyumba alisema hita ikiachwa itapasuka, na umeme ni ghali, na anayesahau aende kwao. Mama hakusahau hata mara moja. Alipofariki nilipewa kazi yake na aproni yake. Siku ya kwanza sikufundishwa kutandika wala kufagia. Nilionyeshwa taa. Ikiwaka, uulize nani yumo bafuni. Kama hayumo mtu, zima. Miaka kumi nilizizima taa hizo, na kwa kuzizima nikawalisha wadogo zangu wawili. Kwa hiyo ile niliyosema, kwamba tukishamaliza napitia jikoni: napitia kuzima. Sikuwahi kuitaja kwa fundi yeyote kwa sababu haikuwa jambo la kutaja. Nani anataja kwamba amefunga mlango?

Nilirudi nyumbani bila ndoo. Mzee alinipa kipande cha plasta ya umeme, nyeusi, akasema nikibandike juu ya swichi, na hakukubali nimlipe. Nikaiweka saa kwenye wakati wake, nikawasha, nikabandika. Nikakaa jikoni naitazama. Taa nyekundu ilikuwa inaonekana pembeni ya plasta kama jicho. Sikumwambia mdogo wangu kitu. Nilikuwa na hasira bado, lakini sikuwa tena na wa kumkasirikia, na hasira ya namna hiyo ni mbaya kuliko zote. Nilifikiria lile zulia, mguu wangu, ile kanga inayotetemeka juu ya kigoda. Siku kumi na nne. Mimi niliyeapa kuwa atakandwa kama alivyokandwa mama.

Jumapili asubuhi nilifungua bomba na kuweka vidole chini yake. Maji yalikuja baridi, yakawa vuguvugu, kisha nikaondoa mkono haraka.

Mama mkwe alifika saa nne, na mwanawe, yaani shemeji yangu, ndiye aliyemwendesha, anakwepa macho yangu. Begi tupu la nguo liko mkononi mwa mama mkwe. Kama kawaida akaenda bafuni. Bomba likafunguka. Maji yakakimbia. Bomba likafungwa.

"Leo yapo," akasema alipotoka.

"Yapo, mama. Na kesho yatakuwepo."

"Jumatatu ulisema hivyohivyo."

Ni kweli nilisema. Nilikuwa nimesema hivyo kila fundi alipoondoka. Angeniamini kwa lipi? Nilikuwa nimepanga kusema kwamba fundi amekuja jana akatengeneza. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini huyu mama angeuliza fundi amesemaje, na ningelazimika kutunga, na akija siku nyingine akakuta plasta angejua. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na mtoto begani, ananitazama.

"Nilikuwa naizima mimi," nikasema.

"Unazima nini?"

"Boila. Kila siku tukishaoga. Hakuna kilichoharibika. Toka mwanzo ni mimi."

Nikawapeleka jikoni. Nikawaonyesha saa, vijipini, swichi, plasta. Nikaeleza kama alivyonieleza mzee. Mdogo wangu alianza kucheka kabla sijamaliza, akajishika tumbo juu ya mkaja, akasema, "Dada, usinichekeshe, naumia," na hakuna aliyekuwa anamchekesha. Shemeji akageukia dirishani. Mama mkwe hakucheka. Aliinama akaitazama ile taa kwa muda.

"Ulidhani itapasuka," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi yangu kule nilikuwa naizima. Mwanangu huyu ndiye aliyenikataza, akaniwekea kifuniko." Akanyooka. "Lakini mimi sikuwa na mzazi ndani ya nyumba."

Hilo lilinipata mahali pake.

"Nipe taulo," akasema. "Leo nitamkanda mimi. Wewe una mguu."

Alisema kwa wema, na nadhani ilikuwa njia yake ya kunisamehe. Angemkanda leo, na kwa kuwa amemkanda leo angesema kesho pia, na begi lilikuwa mezani.

"Hapana, mama," nikasema. "Nitamkanda mimi. Wewe nishikie mtoto."

Aliutazama mguu wangu. Kisha akanyoosha mikono, na mdogo wangu akampa mtoto.

Siku hiyo nilitumia ndoo nne. Nilifungua bomba na kujaza tena kila zilipopoa, kwa sababu sasa niliweza. Mdogo wangu alikaa kwenye kigoda, ngozi imekuwa nyekundu, hakutetemeka hata kidogo. Chini tulisikia mama mkwe anamwimbia mtoto. Walikula chakula cha mchana kwangu. Jioni aliondoka na begi lake tupu.

Ila hakuacha hivihivi. Kila asubuhi mpaka siku ya arobaini alipiga simu, na hakusalimia kwanza.

"Maji?"

"Yapo."

"Haya. Asalaam alaikum."

Likizo yangu iliisha kabla ya arobaini. Siku za mwisho nilimkanda kabla ya kwenda kazini. Asubuhi ya kwanza ya kurudi kiwandani nilivaa koti, nikachukua mkoba, nikapita jikoni. Mkono ulikwenda wenyewe. Vidole viligusa plasta. Nilisimama pale naitazama taa inawaka, bafuni hayumo mtu, na kila kitu ndani yangu kinaniambia nimeacha kazi bila kumaliza. Nikatoka. Nikafika kituo cha basi. Nikarudi. Nilipofungua mlango mdogo wangu alikuwa juu ya ngazi, mtoto mkononi, kanga kichwani.

"Umesahau nini, dada?"

"Kuzima."

"Haya," akasema. "Mimi nakwenda kuoga. Funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga. Nikiwa nje nilisikia maji yanaanza kukimbia kwenye bomba la ukutani.